Daraja na Hesabu ya Wavukao

Mtu asimamaye Murongo, wilayani Kyerwa, akitazama daraja liendalo Kikagati, Uganda, haoni msongamano wa magari. Mto Kagera, ukiisha kupanda kaskazini baina ya Rwanda na Tanzania, hugeuka mashariki ukawa mpaka wa nchi hizi mbili. Mnyambo wa huku na Mnyankole wa kule husalimiana pasipo mkalimani, kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Waliowatia katika dola mbalimbali ni Waingereza na Wajerumani, kwa mapatano ya mipaka yaliyoanza mwaka 1890.

Dar es Salaam mambo ni mengine. Huko kwa miaka mingi magari ya Oysterbay na Masaki yalibanana katika daraja la Selander, penye mlango wa mto Msimbazi, hata tarehe 24 Machi 2022 likafunguliwa daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilometa moja na kidogo, lipitalo juu ya bahari. Hoja yake kubwa ilikuwa foleni. Wala si hoja ya kudharauliwa: mgonjwa aliyekwama garini akielekea Muhimbili hana saa ya kupoteza.

Lakini mizani hiyo ina upofu wake. Msongamano hujihesabu wenyewe, maana magari husimama yakaonekana, asiyevuka haonekani. Mkungu wa ndizi uliooza shambani kwa kukosa njia haupigi honi. Basi mwenye kugawa fedha za madaraja kwa kuhesabu magari tu, atalipa jiji daraja la pili na la tatu (na pengine jiji litayajaza yote), na mto wa mbali hataufikia.

Thamani ya daraja la Kagera iliwahi kupimwa kwa namna nyingine. Mashariki ya Murongo, mto ukishuka, pana Kyaka. Novemba 1978 askari wa Idi Amin, wakiisha kuiteka nchi iliyo kaskazini ya mto, walilivunja daraja la hapo. Hapakuwa na foleni ya kuhesabu. Palikuwa na raia upande wa pili, na jeshi la Tanzania lililolazimika kuunda daraja la muda juu ya maji kabla ya kuwafikia.