Mapishi Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara, lakini katika zama hizi za simu za mkononi usemi huo wamfaa pia mpishi wa nyumbani. Hebu ipekue simu yako. Hapana shaka utakuta humo picha ya biriani iliyotumwa na wifi aliyeko Dar es Salaam, video ya keki ya ndizi ya mtu usiyemjua, maelezo ya samaki wa kupaka uliyoyahifadhi mwaka juzi, na mengine mengi ambayo hukumbuki hata sababu ya kuyaweka.

Mapishi yangu ya namna hiyo yalizidi mia mbili. Kwa muda wa Jumapili nne mfululizo, hapa Sumbawanga, nimefanya kazi ya kuyapanga, na nimeona si vibaya kukueleza jinsi ilivyokwenda, kwa sababu kazi hiyo ilinifikisha mahali ambapo sikukutazamia.

Kwanza nilinunua kauntabuku. Huenda ukauliza kwa nini mtu mwenye simu arudi kwenye karatasi. Jibu ni kwamba simu huibiwa, huanguka majini, bando lake huisha, na haipendi vidole vyenye unga. Zaidi ya hayo, simu ni ya mtu mmoja, bali daftari lililowekwa juu ya kabati la jikoni ni la nyumba nzima. Baba atalisoma, binti atalisoma, na kijana aliyerudi mapema kutoka shuleni ataweza kubandika chungu bila kumngoja mama atoke kazini.

Pili, niliamua kwamba mapishi yasipangwe kwa uzuri wa picha wala kwa sifa za aliyeyatuma, bali kwa vitu vinavyopatikana sokoni petu. Uwanda wa Ufipa una mahindi, maharage, ulezi, karanga na alizeti. Kutoka Ziwa Tanganyika, kwa njia ya Kasanga, Kipili na Kirando, twapata migebuka na dagaa. Minazi hatuna. Kwa hiyo kila palipoandikwa tui la nazi nimeandika kando yake karanga zilizotwangwa, na palipotakiwa samaki nimeandika pia kitoweo cha kushika nafasi yake. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mpishi mwenye daftari hujiandaa kwa miezi kama hiyo.

Hapo ndipo nilipokumbana na jambo ambalo waandishi wengi wa mapishi hawalitaji, nalo ni mwinuko. Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kabla ya kupata joto lile la pwani. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Kwetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukizidisha kuni utazidisha mvuke tu, joto la maji halitapanda. Ndiyo maana maharage ambayo mama wa Kariakoo anaandika kwamba huiva kwa saa moja na nusu, hapa yaweza kukutoa jasho kwa saa mbili na zaidi. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kisha kuyafunika vema yakiwa jikoni.

Nilimweleza habari hiyo mama mmoja mzee auzaye maharage sokoni. Akacheka, akasema: “Mwanangu, maharage hayaulizwi saa, huulizwa mwaka. Ya mavuno haya yataiva. Ya mavuno ya juzi utayachoka.” Maneno hayo nayo nimeyaandika, maana ni kweli kwamba maharage yaliyokaa sana ghalani huwa magumu kuiva.

Vipimo navyo vilihitaji tafsiri. Mapishi mengi ya mitandaoni yametoka Marekani au yamenakiliwa huko. Kikombe chao ni takribani mililita 240, wala si kila kikombe cha chai kilichopo kabatini. Wakisema jiko liwe na nyuzi 350 wanakusudia za Farenhaiti, ambazo ni kama 177 za Sentigredi. Jiko la mkaa halina namba hata moja. Kwa hiyo mbele ya kila keki nimeandika kwa lugha ya jiko letu: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Nimepunguza pia beking pauda kidogo, kwani katika nchi ya mwinuko keki hufura upesi kisha ikabonyea katikati.

Kila pishi nililolipika na likakubalika nyumbani limepata alama ya vema, tarehe, gharama yake na idadi ya walaji walioshiba. Lisilopikwa limekaa nyuma ya daftari likingoja zamu yake. Yale yanayodai kuponya maradhi sikuyaingiza kabisa. Hayo ni ya kumwuliza mganga wa hospitali.

Sasa, ndugu msomaji, niruhusu nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Kazi ilipokaribia kwisha nilihesabu kurasa. Sehemu ya keki, maandazi na vitafunio ilikuwa imejaa. Sehemu ya wali na nyama ilikuwa karibu kujaa. Sehemu ya chakula cha mtoto mdogo ilikuwa na ukurasa mmoja tu, nao ulieleza matunda ambayo sijapata kuyaona katika soko la Sumbawanga.

Jambo hilo si dogo kwa mkoa wetu. Rukwa huhesabiwa miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kwamba bado ni karibu nusu, ilhali wastani wa taifa zima ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa na mtoto hakui! Sababu ni nyingi: maradhi, maji yasiyo salama, mama kuelemewa na kazi za shamba hata akakosa nafasi ya kumlisha mtoto mara kwa mara. Lakini mojawapo ni sahani yenye chakula cha aina moja tu, ugali asubuhi na ugali jioni.

Taifa letu limepata kulishughulikia suala hili kwa nguvu. Mwaka 1975 kulikuwa na kampeni ya “Chakula ni Uhai”, ambapo wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya kampeni na kujadiliana juu ya lishe. Leo kila mmoja ana redio yake mfukoni, tena yenye picha, lakini ni nani anayetuchagulia tukitazame nini? Twaletewa chenye kupendeza macho. Chenye kumjenga mtoto hapana budi tukitafute wenyewe.

Basi niliifunga simu nikaenda kwa wazee. Bibi mmoja jirani yetu hupika uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa laini. Nilipomwomba vipimo alinionyesha kiganja chake. Nikamwomba amimine unga kwenye kikombe kwanza, kisha chunguni, nami nikaandika. Hivyo ndivyo maarifa ya mkono yanavyoweza kuingia katika daftari bila kupotea. Alinionya pia kwamba karanga zenye ukungu zitupwe, zisitiwe hata chembe. Onyo hilo halina mzaha, kwani ukungu wa namna hiyo waweza kuleta sumukuvu, nayo ni sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Baada ya siku chache sehemu ile ilikuwa na kurasa saba: uji wa ulezi na karanga, maharage yaliyomenywa na kupondwa, dagaa waliosagwa wakawa unga wa kunyunyizia katika mboga, na mengineyo kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kuagizwa kutoka mbali. Sehemu hiyo nimeihamisha ikawa ya kwanza katika daftari. Keki zitangoja.

Sikuambii uyafute mapishi ya simuni mwako. Kujifunza kwa wengine ni jambo jema, na keki ya sikukuu ni haki ya mtoto. Nakuomba tu kwamba Jumapili hii, baada ya kulisoma gazeti lako, uketi pamoja na mwenzako na mzee mmoja wa jamaa zako, mchukue kalamu, muandike ukurasa mmoja wa chakula cha mtoto kwa vitu vya soko lenu. Kisha mbandike chungu siku hiyo hiyo, mwone kama mtoto atakikubali.