Njia ya Bahi, na Hongo Ipasayo Kulipwa



Mgeni akiniuliza safari fupi ya motokaa iliyo njema katika nchi ya Ugogo, humjibu hivi: Toka Dodoma alfajiri, ushike njia ya magharibi iendayo Bahi, ukapande hata juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kisha urudi kabla ya jua kuchwa. Wengine hucheka, maana wao hupita Bahi wamelala, wakienda Singida au Tabora.

Zamani hapakuwa na aliyelala. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi ilifika Ugogo imechoka kwa kiu, na watemi walidai hongo ya nguo na shanga, ndipo wasafiri wapate ruhusa ya kupita na kuteka maji. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao wote walilipa. Kisha Wajerumani walileta reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipita Bahi. Leo njia ya motokaa ni ya lami, na kutoka Dodoma hata Bahi ni mwendo wa saa moja tu.

Njiani utaona mibuyu mikubwa, majabali, mashamba ya uwele na mtama, na makundi ya ng'ombe. Bahi penyewe ni bondeni. Mto Bubu hushuka kutoka kaskazini, na maji yake huishia katika mbuga ile, wala hayafiki baharini. Wakati wa mvua mbuga hujaa, ndege wa majini hukusanyika, na wenyeji hulima mpunga. Wakati wa kiangazi udongo hupasuka kwa ukavu. Ukiisha kupita Kintinku, ukuta wa Bonde la Ufa husimama mbele yako. Panda polepole, na ukifika juu, tafuta mahali pa salama kando ya njia, utazame nyuma: nchi yote ya Bahi imetandazwa chini yako kama mkeka.

Sasa haya ni maneno ya kushika. Chukua maji ya kunywa kuliko unavyodhani yakutosha, na gurudumu la akiba lililojaa upepo. Shika upande wa kushoto. Palipo na kibao cha 50 usizidi kilomita 50 kwa saa, maana watoto huvuka. Ukiona ng'ombe mmoja njiani, jua ya kuwa wengine wako nyuma yake vichakani. Unaposhuka mlimani tumia gia ndogo, wala usimfuate dereva wa lori kwa karibu. Usiku usisafiri, maana baiskeli na mifugo hazina taa.

Tena, usiingie katika korongo lenye maji yaendayo. Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, tuliiacha lami tukashika njia ya udongo iendayo vijijini. Mbingu juu yetu zilikuwa nyeupe, na korongo lilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Mzee mmoja mchunga ng'ombe akasimama mbele ya motokaa akainua fimbo yake. Dereva wetu alikasirika, akapiga honi. Mzee hakuondoka, alisema tu, "Mwanangu, mvua imenyesha kwetu juu." Tulikuwa tungali tukibishana, maji yakaja mekundu, yakibeba magogo, yakafika kifua cha mtu. Tulingoja muda wa saa tatu. Dereva aliyepiga honi akashuka, akamwamkia mzee kwa heshima, "Mbukwa," nao wakaketi pamoja chini ya mti.

Tangu siku ile naona ya kuwa hongo ya Ugogo haikukoma. Hatudaiwi tena nguo wala shanga, bali subira, na salamu kwa mwenye nchi, na kumsikiliza yeye aijuaye. Twapenda kusimulia habari za Msamaria Mwema, tukijiweka sisi katika nafasi yake. Lakini mara nyingi, ndugu zangu, sisi ndio tulio hatarini, na jirani yetu ni mzee mwenye fimbo, ambaye tumempigia honi.

Basi safirini salama, na Mungu awalinde njiani.