Ya moto au ya baridi?

Ingia baa yoyote ya nchi hii, kuanzia Tandika mpaka Tarime, agiza bia. Kabla hujakaa sawasawa mhudumu ameshakuuliza: ya moto au ya baridi? Mgeni wa Ulaya akitafsiriwa swali hili hushtuka, anadhani kuna watu jikoni wanachemsha bia kama chai. Sisi tunajua. Ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti, haijaona friji. Basi.

Nimekuwa nikilifikiria swali hili kwa muda sasa, kwa sababu kule Kurui kwa kina mama yangu halihusu bia peke yake. Wapo ndugu zangu wawili, wa tumbo moja, ambao karibu mwaka mzima hawakusalimiana vizuri kwa ajili ya friji. Nitafika huko, msomaji wangu, nipe muda kidogo.

Tuanze na bia za kiwandani. Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Castle, Balimi, hata Tusker ya jirani zetu, zote ni laga. Neno lenyewe ni la Kijerumani, linatokana na kuhifadhi kitu ghalani. Watu wa Bavaria walikuwa wakichachusha bia zao kwenye mapango na maghala ya baridi, kwa hamira ya aina yake inayofanya kazi polepole, nyuzi 8 mpaka 12 hivi. Halafu bia inalazwa kwenye baridi zaidi kwa majuma kadhaa. Miaka ya 1870 Carl von Linde akawatengenezea wapika bia wa Munich mashine ya kupoza, na tangu hapo laga ikaweza kupikwa hata kwenye nchi za jua kali, Dar es Salaam ikiwemo. Kwa hiyo laga ni mtoto wa baridi. Guinness na zile bia za Kiingereza zinazoitwa eli zina hamira nyingine, inayopenda joto la kati, na hiyo ndiyo inayozipa ile harufu ya matunda matunda. Ukiigandisha Guinness umeilipia harufu halafu umeizuia isikufikie.

Sasa ulimi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha kwenye jarida la Nature kazi yao juu ya kijilango kimoja kwenye chembe za ulimi kinachoitwa TRPM5, kinachohusika na kuonja utamu. Kijilango hiki kinafanya kazi kidogo sana kwenye nyuzi 15, na kadiri joto linavyopanda kuelekea 35 kinachangamka kweli kweli. Huhitaji maabara kulijua hilo. Onja aiskrimu iliyoyeyuka, au soda iliyokaa juani ndani ya daladala, utadhani wameongeza sukari. Na harufu ni hivyo hivyo: kitu cha baridi hakitoi mvuke wa kutosha kufika puani.

Kwa hiyo yule mzee anayesema bia ya baridi haina ladha haongei ushamba. Anaongea sayansi, ila hakuisomea. Kijana anayeagiza "ya baridi kabisa, ile inayotoa jasho" hatafuti ladha, anatafuta kupoa. Wala si dhambi, jua la Dar mnalijua.

Lakini nisiwapendelee wazee kupita kiasi. Gesi ya bia inatulia kwenye kimiminika cha baridi, sio cha moto. Chupa ya nyuzi 30 ukiifungua, povu linakimbilia mezani na kinachobaki ni kitu kitamu tamu, kizito, kinachokaa kooni. Waingereza wanasemwa kwamba wanakunywa bia ya moto. Uongo. Eli yao inatoka ghala la chini ya baa, nyuzi 11 mpaka 13 hivi, ambayo kwetu Pwani ni baridi ya kuvaa sweta. Niliwahi kutumwa na gazeti kwenda Makete mwezi Juni. Jioni nikaagiza Safari ya moto, wakanipa kutoka kwenye kreti lililokaa sakafuni, na ile "ya moto" ilikuwa baridi kuliko ya friji nyingi za Kariakoo zenye mlango usiofunga. Ilikuwa Safari bora kuliko zote nilizowahi kunywa. Uchungu unausikia, kimea unakisikia, na ile asilimia 5.5 inakuja taratibu, bila fujo. Kwa hiyo ya moto ya Makete na ya moto ya Kurui mwezi Januari ni vinywaji viwili tofauti vyenye jina moja.

Haya, Kurui. Unaiacha Pugu, unapita Kisarawe mjini, unaingia ndani. Minazi, mikorosho, mihogo. Mjomba wangu ni mgema. Umri wake umeshapita sitini na bado anapanda, asubuhi na jioni, kotama kiunoni. (Najua kuna atakayeuliza Mzaramo Mwislamu na pombe wapi na wapi. Muulize mjomba mwenyewe, atakujibu kwamba yeye anagema, hanywi. Nusu ya jibu hilo ni kweli.)

Mnazi hauna kiwanda. Mgema anakata ncha ya karara ambalo halijafunguka, anafunga kibuyu, maji ya mnazi yanadondoka humo, na hamira ya hewani inaingia yenyewe bila kualikwa. Asubuhi ni tembo tamu, hata mtoto anaonja. Saa chache tu pale kwenye joto letu, umeshakuwa pombe. Jioni ni mkali. Kesho yake unaelekea kuwa siki. Na kile kidonda cha karara lazima kichongwe tena kila mara, ama sivyo kinakauka. Hakuna kusema leo nimechoka nitapanda keshokutwa.

Hapo ndipo friji lilipoingilia. Mama mdogo, mdogo wake mjomba, ana kibanda cha kuuzia kinywaji. Umeme ulipomfikia akanunua friji la mtumba kwa ajili ya bia na soda. Halafu akili ikamcheza: akamimina mnazi wa asubuhi kwenye chupa za plastiki za maji, akalaza humo. Baridi ikaipunguza kasi hamira, na mnazi ukabaki mtamu mpaka kesho. Vijana wanaotoka Dar Jumamosi wakaupenda. Akawa anachukua buyu zima asubuhi, kwa bei nzuri.

Mjomba angefurahi, ungesema. Hela ile ile, bila hasara ya mnazi kulala. Tatizo ni wazee wenzake. Wao walikuwa wanakuja jioni kunywa ule mkali, kwa nusu bei, kwenye kata, chini ya mwembe. Sasa jioni hakuna mkali. Kuna mtamu, wa baridi, wa bei ya vijana.

"Wewe mtoto," mjomba akamwambia dada yake mbele yangu, "mnazi wa jana unauza leo, na jina ni langu."

"Kaka, wa jana haujaharibika. Onja."

"Sionji maiti."

Ikawa hivyo. Salamu zikapungua, kazi ya kupeleka buyu akapewa mpwa, mimi nikawa napeleka ujumbe nyumba hii kwenda nyumba ile, na hakuna aliyenipa nauli. Bibi akasema waacheni, watachoka.

Kilichowasogeza ni umeme kukatika. Siku mbili nzima. Mama mdogo alikuwa amezifunga chupa vifuniko vikaza, na mnazi ulipopata joto ukakumbuka kazi yake. Chupa zikavimba kama mipira. Mbili zikapasuka usiku, ndani ya friji, akadhani wezi. Zilizobaki akazipeleka mwenyewe chini ya mwembe, akazifungua kwa uangalifu, gesi ikatoka fyuuu, wazee wakanywa mkali wa siku mbili na kumsifia mpaka akaona haya.

Tangu hapo buyu la asubuhi linakwenda kwenye friji, na la jioni linabaki chini ya mwembe, bei ile ya zamani. Vifuniko vinaachwa legelege. Nilipokwenda mwezi uliopita nilimkuta mjomba amekaa kwenye kibanda cha dada yake, mbele yake soda. Mhudumu alikuwa amemuuliza ya moto au ya baridi.

"Ya moto," alisema. "Niisikie."