Msikiti Usio na Mnara



Katika mashauri ya ukoo, wengi wetu tulio ughaibuni tumependekeza kuchanga fedha ili msikiti mdogo alioujenga babu yetu Unguja uongezwe mnara na kuba. Kabla fedha hazijatumwa, naomba tukumbuke kwamba tumerithi dola mbili za Asia, Uajemi na Oman, na kila moja ilikuwa na desturi yake ya kumjengea Mola.

Waajemi walipamba. Wasasani, kabla ya Uislamu, waliezeka kuba juu ya matao manne ili kuuhifadhi moto wao mtukufu. Baadaye kuba ikahamia misikitini. Mama zetu, wanaojinasibu na Washirazi, huionyesha Kizimkazi kuwa ushahidi wao: maandishi ya Kikufi yaliyochongwa humo ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Maibadhi wa Oman, upande wa baba zetu, walijizuia. Hata walipoinakshi mihrabu, nje msikiti ulibaki kuta tupu, na mwadhini alipanda ngazi hadi darini, kwani mnara haukuwapo. Sayyid Barghash alipotaka fahari, mwaka 1883, aliijengea Beit al-Ajaib. Misikiti ya Kiibadhi mjini iliendelea kuwa ya kawaida.

Wala pwani yetu haikuwa mpokeaji tu. Al-Istakhri, katika karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa mbao za nchi ya Zanj. Hapa Dubai, vyumba vya kale vya Al Fahidi ni vyembamba kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko kutoka kwetu, na boriti haizidi urefu wa mti wake.

Nayaandika haya Jumeirah Lake Towers, ambako minara ya kioo imezunguka maziwa ya kuchimbwa, na mmoja, Almas, una mita 360. Nayajua mapenzi ya urefu. Naishi ndani yake. Lakini babu hakuacha mnara kwa ufukara. Aliuacha kwa itikadi, na tukiujenga leo tutakuwa tumemjibu badala ya kumkumbuka.

Shauri langu: fedha zibadilishe boriti zilizooza, zipake chokaa, zitengeneze ngazi ya darini. Mwadhini bado anaipanda.