Faili la Kusoma Tu

Kompyuta za ofisi yetu pale Mbinga hazikuwa na kipanya. Zilikuwa za msaada, kuukuu, na fundi aliyetoka Songea alizipakia Linux akatuachia Vim iwe ndiyo programu ya kuandikia. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya 2000. Gridi ya taifa ilikuwa haijafika Ruvuma, kwa hiyo jenereta ikinguruma kila mtu alikimbilia kiti chake.

Tulishughulika na maji ya mserereko. Orodha kuu ya vilula, kutoka Litembo kule milimani hadi Liuli ufukweni mwa Nyasa, ilikuwa imefungwa: kuisoma ruksa kwa wote, kuiandika ni mkuu peke yake. Ukiongeza hata herufi moja, chini ya kioo linatokea onyo kwamba faili hili ni la kusoma tu. Ukiamuru lihifadhiwe, linagoma.

Onyo lile liliwatisha watu kuliko lilivyostahili. Walidhani hata kunakili ni mwiko, wakawa wanahamishia orodha daftarini kwa kalamu, kisha wanaichapa upya. Kilula cha Mbuji kikajikuta na namba ya Maguu.

Karani wetu, dada wa Kimatengo asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenionyesha. “Mdogo wangu, wamekukataza kuandika. Nani kakukataza kuchukua?” Akabonyeza V kubwa, akateremka kwa j, mistari ya Liuli ikawaka mmoja baada ya mwingine. Akagusa y. Akaandika :e na jina la faili jipya, kisha p, na mistari yote ikatua pale, haikupungua hata nukta. Vitufe vya mishale hakuvigusa. Desturi hiyo ni ya tangu miaka ya 1970, Bill Joy alipoandika vi, mzazi wa Vim, kwenye mashine iliyochorwa mishale juu ya h, j, k na l.

Vim ikifunguliwa tupu ilituomba tuwasaidie watoto maskini wa Uganda. Tulicheka: na wa Mbinga je? Baadaye nikaja kujua kwamba mwenye programu, Mholanzi Bram Moolenaar, alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, akajitolea kwenye maji na usafi wa mazingira. Kumbe mwenzetu wa kazi! Alifariki Agosti 2023, na Vim hakuwahi kuiuza. Aliomba tu wanaoitumia wakikumbuke kituo cha watoto wa Kibaale.

Nakala zilipozagaa hadi kwenye kamati za maji za ziwani, mkuu hakukasirika, wala kufuli hakulifungua. Aliagiza jambo moja: kila nakala ibebe tarehe mstari wa kwanza, kwa sababu orodha kuu ilibadilika kila bomba lilipopasuka, na karatasi iliyokwisha kufika Liuli isingepata habari.