Tuwatembelee koko wa Saio wanaosahau



Juma hili tunawatembeza katika kartie yetu ya Saio. Jina hilo ni la mahali pa Ethiopia ambapo, Julai 1941, jeshi la Waitalia lilijitoa mikononi mwa askari wa Force Publique waliotoka Kongo. Wako wazee Bunia waliosikia habari hiyo kwa baba zao, na bado wanaisimulia vizuri, lakini hawakumbuki kama wamekula asubuhi. Hao ndio tuliokwenda kuwatembelea, parseli kwa parseli.

Kwetu mzee hapelekwi kukaa na wageni. Anakaa chini ya mti wa avoka, kuku wakipita, watoto wakirudi na madumu ya maji. Ni jambo zuri. Lakini tulipita saa nne asubuhi, na saa hiyo wamama wako sokoni na watoto wako shuleni. Katika parseli moja tulimkuta koko aliyekimbia vita vya Djugu, amefungiwa ndani peke yake. Mkamwana wake aliporudi alitueleza: “Nikimwacha wazi, anaenda kutafuta mbuzi zake. Juzi tulimpata karibu na Nyamukau, usiku.” Majirani wengine wanamwona anatembea gizani, wananong'ona neno la uchawi.

Wapendwa, neno hilo limeshaharibu maisha ya wazee wengi katika nchi yetu. Kusahau namna hiyo ni ugonjwa wa ubongo. Mgonjwa anapoteza mambo ya leo kwanza, ya zamani yanabaki. Anauliza jambo moja mara kumi, anapotea njia aliyoizoea, anakasirika bila sababu tunayoiona. Si uchawi, wala si kiburi.

Katika nchi ambako wazee wengi wanatunzwa kwenye nyumba zao maalum, wamejaribu kuwachangamsha kwa roboti. Inayojulikana sana ni Paro ya Japani, iliyotengenezwa na Takanori Shibata. Ina sura ya mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, na manyoya meupe. Ukiipapasa inafumba macho na kulia kidogo, ukiita jina lake inageuka. Bei yake ni dola elfu kadhaa za Marekani.

Hata kwetu Afrika roboti si hadithi. Mwaka 2013, injinia Thérèse Izay na wamama wenzake wa Women Technology waliweka Kinshasa roboti za kuongoza magari, zinazotumia nguvu ya jua. Mei 2020, Kigali ilipokea roboti 5 za kusaidia waganga wakati wa Covid-19. Programu yake ilitoka Zorabots ya Ubelgiji, kampuni ambayo roboti zake zilikuwa zimeshaingia katika nyumba za wazee huko Ulaya.

Je, Paro inasaidia? Huko Australia, Profesa Wendy Moyle na wenzake waliwafuata wazee 415 katika nyumba 28, na matokeo yakatoka 2017. Wengine walipewa Paro inayofanya kazi, wengine Paro iliyozimwa, kama mdoli tu, wengine hawakupewa kitu. Waliopewa Paro hai waliitazama na kuizungumzisha zaidi. Lakini katika kutuliza mahangaiko, haikuonekana kuwapita wale wa mdoli.

Hapo ndipo sisi wa Saio tunapata somo. Mkono wa mzee unatafuta kitu cha kushika, na kitu chenye kumjibu. Vyote viwili tunavyo bila dola elfu. Tulimpa yule koko ungo wa maharagi achague mawe. Alitulia, akaanza kutueleza mbuzi zake, kila moja na rangi yake. Mkamwana alisema hajawahi kusikia habari hizo.

Basi tumepatana hivi. Kila parseli yenye mzee anayesahau, jirani mmoja atakaa naye saa moja wakati wenye nyumba wako sokoni, kwa zamu. Mpe kazi ya mikono anayoijua: maharagi, kukunja vikwembe, kusuka. Usimwambie “nimeshakuambia”. Akiuliza mbuzi, muulize walikuwa wangapi. Usimfanye mtoto, mwite kwa heshima yake, Mama fulani. Na anayebadilika ghafla apelekwe kwa mganga wa hospitali, maana malaria au upungufu wa maji pia vinaweza kuvuruga akili za mzee.

Mwenye koko nyumbani na hana jirani wa zamu atuambie juma hili. Mlango uliofungwa unaweza kuwaka moto na mtu ndani.