Safari Isiyo na Msiba

Kwetu mtu hufunga safari kwa ajili ya msiba, harusi, ugonjwa au uhamisho wa kazi. Ndiyo sababu mama mkwe wangu wa Nakaloke, nilipompigia simu kumwarifu kwamba tungechelewa kufika kwa kuwa tungesimama njiani kutazama nchi, aliuliza kwanza, "Nani amefariki?"

Mume wangu ni askari polisi. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu amehamishwa mara tano, nami kazi ya serikali imenifunga Jinja. Safari hii alipewa likizo ya wiki mbili kabla ya kuripoti Karamoja. Tulichukua tela lake la kubebea matofali, fundi akalichomelea paa la mabati, tukatia godoro, chandarua, sigiri na jerikeni mbili za maji, tukalifunga nyuma ya pikapu. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu.

Tulianzia pale pale mjini, kwenye chanzo cha Mto Naili. Nilisomea ualimu, na habari za Speke nimezifundisha mara nyingi: alifika mwaka 1862 akayaona maporomoko. Leo hayaonekani, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Mume wangu aliyatazama maji kwa muda mrefu, kisha akasema yatafika Misri kabla yeye hajapewa likizo nyingine. Wake wa askari watajua kwa nini sikucheka.

Njia ya Tirinyi ina mpunga na mafunjo ya Mto Mpologoma. Kisoga kikaisha, Kigwere kikaanza. Kiswahili cha kambini kilitutosha kuomba mahali pa kulala.

Nakaloke mama mkwe alilizunguka tela, akaligonga kwa kidole. "Mwanangu, mnalala ndani ya debe?" Jioni alitupikia malewa kwa karanga, na asubuhi tulimkuta amekwisha kuvaa. Alitaka kwenda nasi Nyero, karibu na Kumi, kwenye michoro ya mwambani ambayo alikuwa akiisikia tangu usichana wake. Ni duara ndani ya duara, za rangi nyekundu, za watu wa kale mno. Alizihesabu polepole. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mfuate mumeo. Watoto niachieni hadi mwisho wa mwaka wa shule."

Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

Tulimrudisha nyumbani, tukapanda peke yetu hadi Sipi. Maporomoko ni matatu, na lililo refu kabisa laanguka kiasi cha meta 100; usiku uvumi wake huwezi kuukimbia. Baridi ya Mlima Elgon si ya mchezo, wasomaji, chukueni blanketi mbili. Tulibishana hadi saa tano kuhusu mshahara wangu, nyumba za kambini na shule. Hatimaye nilitoa karatasi nikaandika ombi la uhamisho, yeye akinishikia tochi na kunisahihishia anwani.